Kibaka akiruka ukuta wa ubalozi, polisi wetu wanaruhusiwa kumfuata ndani?

#1 Mpangaji wa Uani
Wakuu, habari za jioni.

Jumapili iliyopita nilikuwa Oysterbay nanunua mahindi ya kuchoma. Kibaka akampora dada mmoja simu, watu wakapiga yowe, askari wawili wa pikipiki waliokuwa karibu wakaunga tela. Jamaa alipoona anazidiwa akapanda ukuta wa nyumba moja yenye bendera ya nje (nchi siitaji) akatumbukia ndani. Yeboyebo yake moja ikabaki inaning'inia kwenye seng'enge.

Kilichonishangaza ni askari. Walifika getini wakasimama kama wamefika Namanga hawana pasipoti. Mmoja anaongea na redio, mwenzake anaiangalia ile yeboyebo. Mlinzi wa kampuni akafungua kidirisha cha geti, wakanong'ona, kidirisha kikafungwa. Dakika kama 25 hivi. Ndipo geti likafunguliwa, kibaka akatolewa kashikwa mkanda wa suruali, wakamkabidhi nje kabisa, hata kizingiti hakuna askari aliyekivuka. Simu ilipatikana, kioo kina ufa.

Sasa naomba kueleweshwa. Ni kweli pale ni ardhi ya nchi nyingine hadi polisi wa Tanzania asikanyage? Na kama wale wa ndani wangempiga risasi kibaka, kesi ingekuwa ya nani? Nawasilisha.

#2 Chuma cha Pua
Ni ardhi yao mkuu, hilo halina mjadala. Ukivuka geti la ubalozi wa Marekani umeshaingia Marekani. Mtoto akizaliwa mle anachukua uraia wao.

#3 Mama Kulwa
Ningejua mapema ningejifungulia kwenye foleni ya viza. Wawili kwa mpigo.

#4 Wakili wa Kata
Chuma cha Pua, hiyo ya "ardhi yao" ni ya vijiweni, ingawa hata kwenye taarifa za habari huwa inapita. Ardhi ni ya Tanzania na sheria inayotumika mle ni ya Tanzania. Mama Kulwa asipoteze nauli.

Kilichopo ni kinga ya jengo kutoingiliwa. Mkataba wa Vienna wa Uhusiano wa Kidiplomasia wa 1961, ibara ya 22: watu wa serikali ya nchi mwenyeji hawaingii bila ridhaa ya mkuu wa ubalozi. Nyumba anayolala balozi ina ulinzi uleule, hiyo ni ibara ya 30. Kwa hiyo mahali alipokuwa anasimama mleta uzi, iwe ofisi au makazi, jibu ni moja.

Ila watu wakisoma ibara ya 22 huishia kifungu cha kwanza. Cha pili ndicho kizito: nchi mwenyeji ina wajibu wa pekee wa kuchukua kila hatua inayofaa jengo lisivamiwe, lisiharibiwe, amani ya ubalozi isivurugwe na heshima yake isishushwe. Wale askari wa pikipiki walikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja. Wao wasiingie, na kibaka naye asiingie. Ya pili ilishawashinda, wakabaki na ya kwanza.

Kibaka mwenyewe ana kesi ya wizi na ya kuingia kwa jinai, mahakama za hapahapa. Kuhusu risasi, inategemea nani kafyatua. Mlinzi wa kampuni ni Mtanzania mwenzetu, atakwenda kituoni kama mlinzi wa benki yoyote. Akifyatua mwanadiplomasia mwenyewe, ana kinga ya mashtaka ya jinai mpaka nchi yake imwondolee. Hata kuja kutoa ushahidi halazimishwi.

#5 Chuma cha Pua
Sawa wakili, nimeshuka. Ila mimi naamini wale askari hata hiyo ibara hawaijui. Walisimama kwa sababu ya kuogopa uhamisho. Ukivunja geti la balozi kesho unaripoti kazini wilaya ambayo basi linafika Jumanne tu.

#6 Zamu ya Usiku
Nimekuwa mlinzi kwenye nyumba za aina hiyo miaka 9, maeneo hayohayo. Naomba niseme kidogo kabla sijalala.

Zile dakika 25 ni simu. Mlinzi wa geti hana ruhusa ya kumkaribisha polisi, hata polisi awe shemeji yake. Anampigia msimamizi, msimamizi anampigia ofisa wa usalama wa ubalozi, huyo anamtafuta mwenye nyumba, na mwenye nyumba Jumapili jioni yuko ufukweni simu iko kwenye mkoba. Bila neno lake geti halifunguki. Wakati huo kibaka ameshalazwa kifudifudi kwenye nyasi zamani, anasubiri tu karatasi zake.

Halafu watu hamwelewi kazi yetu. Hatukuwekwa pale kupigana. Tunafundishwa kuona mapema, kubonyeza kengele na kuchelewesha. Geti zito, vile vyuma vinavyoinuka barabarani, kioo cha mpini cha kuchungulia chini ya gari, kuandika kila namba ya gari kwenye kitabu, yote ni kuchelewesha mpaka wenye bunduki wafike. Na wenye bunduki wa nje ni polisi wetu, si wao.

Ila ukweli, kwa miaka 9 wavamizi wangu wakubwa wamekuwa watoto na mpira wao. Na mbuzi mmoja. Mbuzi niliandika kwenye kitabu cha matukio, msimamizi akanifokea kwamba namdhihaki.

#7 Mama Kulwa
Mbuzi alipata ridhaa ya balozi?

#8 Zamu ya Usiku
Alitoka mwenyewe baada ya kumaliza maua.

#9 Kipara Ngoto
Sikubaliani na hadithi za kuchelewesha. Ubalozi wa Marekani una wanajeshi wao ndani, wale Marine. Angerukia kwao yule kibaka tungekuwa tunaongea mengine. 1998 Msasani walilipuliwa watu 12 ndiyo maana siku hizi hawana mchezo.

#10 Mtu wa Ruaka
Kipara Ngoto hapo namba 9, wacha nikusahihishe pole pole. Dar walikufa 11. Nairobi 213. Ukijumlisha ni 224, hiyo ndiyo namba huwa inatajwa. Na ubalozi wa Dar wakati huo haukuwa Msasani, ulikuwa barabara ya Laibon. Msasani walihamia 2003, mwaka uleule sisi wetu ulihamia Gigiri.

Mimi nilikuwa kijana wa kuuza magazeti karibu na stesheni ya reli. Tarehe 7 Agosti 1998, Ijumaa, saa nne na nusu hivi asubuhi. Ule ubalozi ulikuwa pale kona ya Moi Avenue na Haile Selassie, katikati ya mji kabisa, watu wanapita ubavuni wakienda kupanda matatu. Lori lilizungukia nyuma. Walinzi walikataa kufungua. Mmoja kati ya wale wavamizi akatupa kilipuzi kidogo, kikalia. Sasa wewe ukisikia mlio unafanya nini? Unaenda dirishani. Mji mzima ulienda dirishani. Halafu bomu lenyewe likalia. Watu wengi waliopoteza macho waliyapoteza kwa vioo vya madirisha waliyokuwa wamesimama wakiangalia.

Jengo la Ufundi jirani lilianguka lote. Ndani kulikuwa na chuo cha makarani. Wamarekani waliokufa ni 12. Hao wengine 201 wote karibu ni sisi. Kwa hivyo mtu akiniuliza ubalozi unalindwa kwa faida ya nani, mimi nafikiria yule mama wa kuuza ndizi wa Haile Selassie, hakuwa na viza wala hakuitaka.

#11 Mpangaji wa Uani
Dah. Pole sana ndugu. Na walinzi waliokataa kufungua wangefungua?

#12 Mtu wa Ruaka
Lingeingia chini ya jengo lenyewe. Wale walinzi hawakuwa na bunduki.

#13 Kipara Ngoto
Nimekubali masahihisho. Lakini hoja ya Marine iko palepale.

#14 Zamu ya Usiku
Marine wako ndani nyuma ya kioo, na kazi yao ya asili ni kulinda nyaraka za siri na watu wa ndani. Hawezi kutoka kumkimbiza mwizi wa simu barabara ya Bagamoyo. Akivuka geti na bunduki yake, hapo ndipo Tanzania nayo ingekuwa na la kuuliza.

Na hapo Dar 1998 kilichookoa wengi si Marine. Ni boza la maji. Asubuhi ile lilikuwa pale getini, likaziba njia, lori la bomu likashindwa kusogea mpaka jengoni. Dereva wa lile boza hakupona. Sisi walinzi wa zamani tukifundisha vijana tunawaambia habari ya boza kwanza, ya kamera baadaye.

#15 Wakili wa Kata
Ndiyo sababu sheria ya Marekani ya 1999 ikataka balozi zao mpya ziwe na umbali wa futi 100 kati ya jengo na ukuta wa nje, mita 30 hivi. Pendekezo lenyewe lilikuwepo tangu 1985, baada ya ubalozi wao wa Beirut kulipuliwa. Ubalozi wa Nairobi uliachwa vilevile kona ya barabara.

#16 Sukari Guru
Wengine hata chumba hadi choo mita 30 hatuna.

#17 Mzee wa Kahawa
Vijana mnazungumzia mabomu na vibaka, mmesahau mama wa kesi zote hizi. Teheran, Iran, 4 Novemba 1979. Wanafunzi waliruka ukuta wa ubalozi wa Marekani kama huyo kibaka wenu alivyoruka, tofauti ni kwamba serikali ya pale badala ya kuja kuwatoa ikawapongeza. Watu wakashikiliwa siku 440.

Mahakama ya Kimataifa ya The Hague ilitoa hukumu Mei 1980. Nilichokipenda, walitenganisha mambo mawili. Siku ya uvamizi wale vijana hawakuhesabiwa kuwa ni serikali, kosa la serikali siku ile lilikuwa kutolinda. Baada ya viongozi kulibariki tendo, ndipo likawa la serikali lenyewe. Yaani unaweza kushitakiwa kwa kuvamia na unaweza kushitakiwa kwa kukaa kando ukila karanga.

#18 Mtu wa Ruaka
444, mzee wangu. 52 walikaa siku 444, mpaka 20 Januari 1981.

#19 Mzee wa Kahawa
Ahsante. Nne zangu zimekwenda na meno.

Niongeze la London. Aprili 1984, St James's Square, watu wanaandamana nje ya ofisi ya ubalozi wa Libya. Risasi zikatoka dirishani, askari polisi mwanamke Yvonne Fletcher akauawa. Polisi wa Uingereza wamelizingira jengo siku 11 na hawakuingia! Wakavunja uhusiano na Libya, wakawasindikiza wote waliokuwemo hadi uwanja wa ndege. Mpaka leo hakuna aliyehukumiwa kwa jinai kwa kifo kile. Waingereza, wenye serikali yao na jeshi lao, walisimama getini kama askari wako wa pikipiki.

#20 Chuma cha Pua
Kwa nini lakini? Polisi wao kauawa mchana kweupe!

#21 Wakili wa Kata
Kwa sababu Uingereza nayo ilikuwa na ubalozi Tripoli na watu ndani yake. Ukuta wa jirani ukiuruka, wa kwako utarukwa. Mkuki kwa nguruwe.

#22 Kipara Ngoto
Hiyo ni nadharia ya wakili. Mimi naona waliogopa tu aibu ya kesi. Na mbona 2024 Ecuador waliingia ubalozi wa Mexico usiku na mbingu hazikuanguka?

#23 Bint Mkunazini
Assalaam aleykum nyote. Kipara Ngoto, zilianguka kidogo. Ilikuwa 5 Aprili 2024, Quito. Polisi walipanda ukuta wakamtoa Jorge Glas, aliyekuwa makamu wa rais, mwenye hukumu ya rushwa. Yule ofisa wa Mexico aliyekuwa akishikilia ubalozi mlimwona kwenye video anavyosukumwa chini akilia? Mexico ikavunja uhusiano palepale na kwenda The Hague.

Na la kuchekesha, ni Ecuador hiyohiyo iliyomweka Assange, yule wa WikiLeaks, ubalozini kwao London tangu Juni 2012 hadi Aprili 2019. Waingereza hawakuingia miaka yote ile. Walikuja kuingia siku Ecuador wenyewe walipowafungulia mlango. Mwenye nyumba kageuza nia, kinga imekwisha siku hiyohiyo.

Mie nnaishi Ghuba mwaka wa kumi na moja huu. Kwetu huku suala hili halina mabomu, lina mabegi. Wasichana wa kazi wanaotoka Tanzania, Kenya na Uganda, akishindwana na mwajiri hukimbilia ubalozi wa kwao. Nlimpeleka mmoja mwenyewe kwa gari yangu. Alikuwa na mfuko wa nailoni, ndani kanga mbili na chaja, pasipoti iko kwa tajiri. Alipovuka lile geti akakaa chini kwenye zulia la mapokezi, akavua viatu. Mwajiri alifika baada ya saa moja, anapiga honi nje. Askari wa nchi ile ndiye aliyemwambia: hapa hupiti. Askari wao, dhidi ya mtu wao. Siku ile nlikielewa kile kifungu cha pili alichokisema wakili.

#24 Mama Kulwa
Umenitoa machozi dada. Alirudi salama?

#25 Bint Mkunazini
Alirudi, alhamdulillahi. Sasa ana mgahawa mdogo Bububu, anapika urojo. Nkifika nyumbani hanichaji.

#26 Sukari Guru
Tupe ramani ya huo mgahawa, mambo ya Vienna yatatusubiri.

#27 Bint Mkunazini
Ukila utalipa, wewe hukumbeba mtu.

Lakini nisisahau upande wa pili, maana tusije tukaufanya ukuta ni malaika. Istanbul, 2 Oktoba 2018, mwandishi wa habari Msaudia Jamal Khashoggi aliingia ubalozi mdogo wa Saudia kuchukua karatasi za ndoa, hakutoka. Polisi wa Uturuki waliingia kwa ridhaa tarehe 15 Oktoba. Ukuta uleule uliomsaidia mgeni wangu.

#28 Wakili wa Kata
Nyongeza ndogo kwa Bint Mkunazini: pale palikuwa ubalozi mdogo, na hizo zina mkataba wake wa 1963, kinga yake ni nyembamba zaidi. Inahusu sehemu ya jengo inayotumika kwa kazi tu. Nyumba ya mkuu wa ubalozi mdogo haina kinga kama ya balozi. Na kukiwa na moto au balaa la ghafla, ridhaa ya kuingia inahesabiwa ipo. Kwenye ubalozi mkubwa, mkataba wa 1961 hauna kifungu hicho cha moto.

#29 Chuma cha Pua
Yaani ubalozi uungue zimamoto wasubiri barua?

#30 Mzee wa Kahawa
Ilitokea Moscow, Agosti 1977. Ubalozi wa Marekani unaungua, wazima moto wa Kisovieti wanapanda ngazi, na Wamarekani wanajiuliza ni wangapi humo ni wazima moto na wangapi ni majasusi wa KGB waliovaa kofia za zimamoto. Wapo waliosema kuna mmoja alikuwa anapendezwa sana na makabati ambayo hata hayakuwa na moshi.

#31 Mutu ya Bukavu
Jambo bandugu. Mimi ni mutu ya Bukavu lakini ninakaa Kinshasa, nimesoma yote hapa kimya. Munaongea Teheran, munaongea London. Munaisahau 28 Januari 2025?

Goma ilikuwa imeingiliwa na waasi ya M23. Asubuhi Kinshasa batu balianza kuchoma matairi, kisha balielekea ku ambasade. Rwanda, Ufaransa, Ubelgiji, Uganda, Kenya, Marekani, Uholanzi. Ya Kenya baliingia ndani, balipora. Niliona kijana mumoja anabeba kiti cha ofisi kichwani, kile cha kuzunguka, anakimbia nacho na magurudumu yanazunguka juu hewani. Nyuma yake mama mumoja na pazia. Pazia tu.

Polisi walikuwako, balirusha moshi wa machozi. Lakini batu balikuwa bengi, na askari ya kweli, bengi balikuwa Mashariki mu vita.

#32 Mtu wa Ruaka
Sisi huku tuliuliza swali moja tu: Kenya imefanya nini? Rwanda naelewa. Ufaransa na Ubelgiji, hiyo ni historia. Sisi?

#33 Mutu ya Bukavu
Ndugu, Desemba 2023 Corneille Nangaa alitangaza muungano wake AFC, ule ya waasi pamoja na M23, wapi? Nairobi, mu hoteli, mbele ya kamera. Ku Kinshasa batu habakusahau. Halafu Ruto ndiye alikuwa mwenyekiti ya Afrika Mashariki, anaita mukutano, na batu banasema anasema na adui. Sisemi ni haki. Ninasema ndiyo ilikuwa mu midomo ya batu.

#34 Kipara Ngoto
Mimi naona zile zilikuwa hasira zilizopewa ruhusa. Balozi saba katika siku moja, katikati ya mji mkuu, eneo ambalo siku nyingine ukipiga picha jengo unakamatwa? Serikali ilitaka dunia isikie kelele.

#35 Mutu ya Bukavu
Mukubwa, nilikuwa pale. Ile kiti haikupewa ruhusa na mutu. Ile ilikuwa njaa.

#36 Wakili wa Kata
Sheria haijali ni ipi kati ya hizo. Iliruhusu, ilizembea au ilizidiwa, swali la kwanza ni kama hatua zinazofaa zilichukuliwa. Kuzidiwa kweli kunaweza kukupunguzia, uzembe haukupunguzii.

Na Kinshasa ina historia. Kwenye kesi ya Congo dhidi ya Uganda, hukumu ya 19 Desemba 2005, watu wanakumbuka kwamba Uganda ilikutwa na makosa makubwa ya kuivamia Congo. Sehemu isiyosemwa ni kwamba Congo nayo ilikutwa na kosa la kushambuliwa kwa ubalozi wa Uganda Kinshasa mwaka 1998 na kutendwa vibaya kwa wanadiplomasia wake. Majeshi yanapigana msituni, na bado jengo lenye bendera mjini lilitakiwa kuheshimiwa. Ibara ya 45 inasema hivyo, hata vita ikiwepo.

#37 Mutu ya Bukavu
Uganda ililipishwa dola milioni 325, hiyo pia useme wakili, usiseme nusu.

#38 Wakili wa Kata
Kweli kabisa, hukumu ya 2022. Nimepokea.

#39 Mmatumbi wa Minnesota
Wakuu mimi nina kesi iliyonichanganya na mpaka leo sijui nani alikuwa sahihi. Washington, 2019. Marekani imemtambua Guaidó kuwa rais wa Venezuela, Maduro bado yuko ikulu Caracas. Wanadiplomasia wa Maduro wakaondoka, lakini wanaharakati wa Kimarekani waliokaribishwa nao wakabaki ndani ya ubalozi wiki kadhaa. Nje wapinzani wa Maduro wanapiga masufuria. Umeme ukakatwa. Tarehe 16 Mei polisi wakaingia wakawatoa wanne waliobaki.

Sasa hapo aliyevamia ni nani? Waliokaa kwa ridhaa ya serikali iliyoshika nchi, au polisi walioingia kwa ridhaa ya serikali iliyotambuliwa?

#40 Kipara Ngoto
Polisi. Mwenye jengo ni Caracas.

#41 Chuma cha Pua
Wanaharakati. Mwenye nchi ndiye anayeamua nani ni balozi.

#42 Wakili wa Kata
Hapo nawaacha mchinjane. Ila Paris kulitokea mfano wa kukaribiana. Guinea ya Ikweta ilisema jumba la 42 Avenue Foch ni ubalozi, Wafaransa wakasema ni nyumba ya mtoto wa rais iliyo kwenye uchunguzi. The Hague mwaka 2020 ikasema Ufaransa ilikataa mapema na kwa sababu za msingi, kwa hiyo halikuwahi kuwa ubalozi. Kubandika kibao mlangoni hakutoshi.

#43 Sukari Guru
Nilikuwa nataka kubandika cha Vatican kwangu, mwenye nyumba asije na habari za kodi.

#44 Mtu wa Ruaka
Nairobi tuna yetu ambayo haijawahi kueleweka. Februari 1999, Öcalan, kiongozi wa Wakurdi, alikuwa amefichwa kwenye makazi ya balozi wa Ugiriki hapa. Hakuna polisi aliyeruka ukuta. Tarehe 15 akatoka na magari kuelekea uwanja wa ndege, akajikuta kwenye ndege ya Waturuki. Ugiriki mawaziri watatu wakajiuzulu. Ulaya nzima Wakurdi wakavamia balozi za Ugiriki. Wengine walisema ni Wakenya waliomuuza, wengine Wagiriki walichoka naye, wengine Marekani na Israel. Mimi naona kila mmoja alishika mlango kidogo.

#45 Mzee wa Kahawa
Ndiyo nilikuwa nataka kusema. Ukuta haurukwi sana siku hizi. Mgeni anatolewa kwa upole, kwa gari lenye kiyoyozi.

#46 Mpangaji wa Uani
Aisee uzi umenifikisha Paris wakati mimi nilitoka Oysterbay na mahindi. Nashukuruni sana. Zamu ya Usiku, swali la mwisho: umewahi kuogopa kweli?

#47 Zamu ya Usiku
25 Agosti 2021. Yule kijana Hamza alivyowaua polisi watatu na mlinzi mmoja wa kampuni, akaja kuuawa pale getini ubalozi wa Ufaransa. Nilikuwa lindo jingine, nasikia milio na kwenye redio watu wanaongea wote pamoja. Tukaambiwa funga kila kitu, kaa chini ya usawa wa dirisha. Nikakaa na kile kioo cha mpini mkononi. Kioo! Nilikishika kama bunduki saa nzima.

Mwenzetu yule wa kampuni alikuwa na mkataba kama wangu, na zamu kama yangu, saa 12. Huwa nawaza, wakitaja waliolinda ubalozi wanamhesabu?

#48 Mtu wa Ruaka
Gigiri pia, Oktoba 2016, jamaa wa kisu alimvamia askari wetu wa GSU, kile kikosi maalumu cha polisi, nje ya ubalozi wa Marekani, akapigwa risasi akafa. Askari alibaki na majeraha. Kesho yake foleni ya viza iko palepale, na GSU mwingine amesimama palepale.

#49 Chuma cha Pua
Heshima kwako Zamu ya Usiku. Nafuta ile habari ya uhamisho. Au naibakisha nusu.

#50 Kipara Ngoto
Ibakishe, ni ya kweli. Nina binamu polisi.

#51 Mama Kulwa
Kuna mtu anajua yeboyebo ilishushwa?

#52 Mpangaji wa Uani
Nimepita leo asubuhi, bado ipo. Upande wa ndani wa ukuta kwa inchi kama mbili.

#53 Wakili wa Kata
Basi hiyo haiguswi bila ridhaa ya balozi. Ibara ya 22, kifungu cha tatu, vilivyomo ndani havipekuliwi wala havichukuliwi.

#54 Zamu ya Usiku
Naingia kazini wakuu. Leo lindo langu ni lilelile la mbuzi.

#55 Sukari Guru
Akija mwandikie jina kwanza.